Sura ya Sita: Mluzi Kwenye Tawi la Tatu

Lori lilikuwa limeegeshwa uani mwa kituo, pua imebonyea, vumbi la matofali bado limelala juu ya boneti. Inspekta Népomuscène alilizunguka mara ya tatu asubuhi ile, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe asiyeaminika. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, mwaka 1969, kiangazi kimekolea hata milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haikuonekana kwa ukungu wa vumbi.

Dirisha la ghorofani likafunguliwa. Kamishna Sylvère akatoa kichwa.

"Nepo, bado unaoa hiyo kamyo?"

"Bado tunajuana, shefu."

"Saa kumi gari la mashitaka linakuja kumuchukua dereva. Karatasi yake nimeshaiandika, inangoja sahihi tu. Mutu aliyesinzia kwenye usukani, kila siku anasema ni breki."

Dirisha likafungwa. Népomuscène akafungua daftari lake na kusoma tena alichokuwa anakijua kwa moyo. Jumanne jioni lori la Bwana Musafiri, msafirishaji wa kahawa, lilishuka kutoka Bugarama likiwa na tani tano za magunia. Mwisho wa mteremko, mjini kabisa, halikusimama. Lilivunja ukuta wa ghala na kumvunja miguu yote miwili mlinzi, mzee aitwaye Pierre, ambaye tangu siku hiyo yuko hospitalini. Ripoti ya breki ilikuwa na mistari mitatu. Mabomba mazima. Mafuta ya breki yamejaa. Viatu vya breki vinene. Kwa hiyo breki ilikuwa nzima, na mbovu alikuwa dereva.

Lakini kulikuwa na neno moja lililomkaa Inspekta kooni. Katika miaka yake saba ya kazi alikuwa amewahoji madereva wengi waliogonga kuta, na wote, wakweli na waongo, walisema pedali ilizama mpaka chini kama mguu kwenye uji. Dereva huyu, Mohamadi, peke yake alisema kinyume. *Pedali iligeuka jiwe.* Mtu akitaka kudanganya, kwa nini aache uongo uliozoeleka na kujitungia mwingine usioaminika?

Ndiyo maana alikuwa amemwita Mzee Huseni.

Huseni aliingia getini saa mbili na nusu, kofia ya kazi ya uzi kichwani, sanduku la vyuma begani. Alikuwa fundi wa Bwiza tangu siku ambazo magari ya mji mzima yangeweza kuhesabiwa kwa vidole. Aliwasalimu maaskari wote mmoja mmoja, akauliza habari za nyumba zao, ndipo akaligeukia lori.

"Kwanza tuulize yeye mwenyewe," alisema, akimaanisha lori. "Panda, Inspekteri. Moteri imezima. Kanyaga breki mara ine, mara tano, mpaka iwe nguvu."

Népomuscène akapanda, akakanyaga. "Imekuwa ngumu."

"Usitoe muguu. Sasa mi nawasha." Injini ikakohoa, ikakubali, ikaanza kutetemesha kabini nzima. "Muguu umeshuka?"

"Apana."

"Hata kidogo?"

"Ni kama nimekanyaga ukuta."

Huseni akatikisa kichwa taratibu. "Basi yule kijana hakukudanganya. Ungepaswa kusikia pedali inazama kidogo chini ya muguu. Shuka, nikuonyeshe."

Alimwonyesha kopo kubwa jeusi lililofungwa chini ya kabini, na mpira mnene uliotoka kwenye kopo hilo ukapanda hadi ubavuni mwa injini.

"Hii ni servo. Muguu wa mutu peke yake hauwezi kusimamisha tani tano, kwa hiyo servo inamusaidia. Nguvu yake inatoka kwa moteri. Moteri ikivuta hewa kupitia huu mupira, kopo linabaki tupu, na huo utupu njo unavuta breki. Sasa, kama moteri inavuta hewa pahali pengine, kopo halipati kitu."

"Kama mutu anakunywa pombe ya impeke na murija umetoboka."

"Hayo ya murija unayajua we," Huseni alisema bila kucheka. "Mi mutu wa sala. Lakini ni hivyo."

Akainamisha sikio juu ya injini. Népomuscène naye akainama. Chini ya kelele za mtetemo kulikuwa na sauti nyembamba, isiyokatika, kama mtu anayepiga mluzi kati ya meno.

"Umesikia? Huyo ndiye mwizi wetu. Tutafute mulango wake."

Ubavuni mwa injini palilala bomba la chuma lenye matawi matatu. Kwa bomba hilo injini ilivuta mchanganyiko wake wa hewa na petroli, kila tawi likilisha silinda mbili, na mpira wa servo ulikuwa umechomekwa karibu na tawi la tatu, la nyuma kabisa. Huseni alichanganya sabuni na maji katika kopo la maziwa, akachovya brashi, akapaka pale tawi la kwanza lilipokutana na injini. Injini ikaendelea kutetemeka. Akapaka la pili. Vilevile. Alipopaka la tatu, povu likanywewa ndani mara moja, mluzi ukakatika, na injini ikatulia kana kwamba imeshikwa mkono. Kwa pumzi mbili tu. Kisha maji yakaisha, na mluzi ukarudi.

Népomuscène akachukua brashi. "Hebu mi."

Akapaka mwenyewe. Injini ikatulia. Akangoja. Ikatetemeka. Akapaka tena, akangoja tena.

"Inspekteri, sabuni ni yangu," Huseni alisema.

Injini ilipozimwa Huseni alitoa buji zote sita, plagi za kuwashia, akazipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Nne za mbele zilikuwa na rangi ya kahawia. Mbili za nyuma zilikuwa nyeupe kama chaki.

"Nyeupe ni nini?"

"Silinda ya tano na ya sita zinakula hewa nyingi, esansi kidogo. Zinaungua. Zote mbili zinalishwa na tawi moja. Sabuni ilishasema, na buji zimeitikia."

"Na dereva alisema alikanyaga klachi abadilishe vitesi, moteri ikazima."

"Ingezima tu. Moteri kama hii, ukitoa muguu kwa esansi, inakufa. Na ikikufa, servo haina hata pumzi moja ya akiba. Pedali ni jiwe." Huseni alikuwa tayari anafungua nati, akianzia pembeni kuelekea katikati. "Iliyobaki ni kuona ni nini kimeoza humu ndani. Kati ya bomba na moteri kuna gasketi ya kuziba. Patroni wa lori anasema nini?"

Népomuscène alifungua daftari. "Fundi mukubwa wa garaji yake, Akilimali, ameandika: wiki mbili zimepita, nimefunga gasketi mupya ya kiwanda."

Bomba likang'oka. Huseni akatazama, akatazama tena. Kisha akaanza kubandua kwa ncha ya kisu, kipande kwa kipande, kwa uangalifu wa mtu anayetoa mwiba.

"Ya kiwanda," alisema. "Astaghafirullah."

Gasketi ilikuwa imekatwa kutoka karatasi ngumu ya boksi. Upande wa mbele ilikuwa bado na umbo, nyeupe, na mstari wa buluu uliochapwa ukipita juu yake. Kwenye tawi la tatu ilikuwa imelainika na kufyonzwa ndani, pengo la upana wa vidole viwili. Huseni akainusa, akampa Inspekta.

"Inanuka nini?"

"Mushumaa."

"Njo hivyo. Mi nafunga moteri tangu wakati wa Wabelgiji. Nimeona watu wanapaka sabuni, wanapaka rangi, mumoja alipaka ubugali. Mushumaa sijaona. Moteri ikipata moto, mushumaa unayeyuka, boksi linabaki uchi. Inspekteri, mi si polisi, lakini mutu anayejua kazi hawezi kufanya hii kwa bahati mbaya."

"Unasema kusudi?"

"Nasema sijui. Na kitu kingine. Sisi hatukati hivi. Mi naweka karatasi juu ya chuma, nagonga kando kando na nyundo, karatasi inakatika yenyewe. Kando yake inakuwa na manyoya. Hii imekatwa na makasi makali sana. Na hivi vitundu ni vya nini?"

Népomuscène akaiinua juani. Pembezoni mwa gasketi, sambamba na mkato, ulikimbia mstari wa vitundu vidogo vilivyopangika sawasawa, kama nyayo za mdudu. Alitoa kioo chake cha kukuzia na kuhesabu. Vitundu kumi na tisa, halafu pengo. Kumi na tisa, halafu pengo. Akahesabu mzunguko mzima wa gasketi, na hesabu haikubadilika.

Aliifunga katika leso na kwenda nyumbani kabla ya saa ya chakula, jambo lililomshtua mkewe.

"Umefukuzwa kazi?" Prudence aliuliza, pini mdomoni. Alikuwa akishona pazia.

"Tazama hii. Vitundu."

Prudence hakuhitaji kioo. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kigurudumu kidogo chenye meno na mpini wa mti, akakisukuma juu ya kando ya gazeti. Kikaacha nyuma yake nyayo za mdudu.

"Kila mushonaji anacho. Ni cha kuhamisha alama toka kwa mufano kwenda kwa kitambaa. Lakini changu ni kizima. Cha huyu mwenzangu kimepoteza jino."

"Nani anacho kama hicho?"

"Mi niende kuwahesabia washonaji meno? Nenda Jabe, sokoni. Na ukitoka huko niletee uzi wa kijani."

Jabe siku ya Ijumaa ilikuwa imejaa hadi mitaroni. Washonaji walikaa mstari mmoja nyuma ya wauza dagaa, cherehani zao zikibishana. Népomuscène hakutaja lori. Kwa kila mmoja alifungua daftari lake na kuomba jambo moja tu, kusukumiwa kigurudumu juu ya ukurasa. Wa kwanza, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alidhani ni kodi mpya na akakataa mpaka alipoapiwa. Meno yote yalikuwapo. Wa pili alikuwa na kigurudumu kikubwa chenye vitundu vya mbalimbali.

Wa tatu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kitambaa cha manjano kichwani, kibanda chake cha mabati kisafi kama zahanati. Ukutani, kwenye kamba, zilining'inia karatasi ngumu nyeupe zilizokatwa kola, mikono, mabega. Aliitwa Nsimire. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, Kongo.

"Karibu, papa. Ni suruali ama ni kanzu?"

"Nangoja zamu yangu."

Mbele yake alikuwapo mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni la bintiye. Nsimire alilikunja gauni, akashusha kutoka ukutani karatasi nyeupe ya gauni lilelile, akavifunga pamoja kwa uzi mwekundu, akampa. Mama akaondoka. Nsimire akachukua karatasi nyingine mpya, akaanza kuisugua kwa kipande cha mshumaa, mbele na nyuma, hadi ikang'aa.

Népomuscène alitazama mkono ule ukienda na kurudi. Chini ya meza aliona mabaki ya boksi la viatu, jeupe, lenye mstari wa buluu.

"Mushumaa ni wa nini, mama?"

"Ili mufano usilegee. Karatasi tupu inakufa kwa jasho la mikono."

Akampa daftari. Nsimire akasukuma kigurudumu bila kuuliza. Kumi na tisa, pengo. Kumi na tisa, pengo. Népomuscène akafungua leso na kuweka gasketi iliyoungua mezani.

"Hii ni ya nani?"

Alijua palepale kuwa amefika. Pia alijua, kwa jinsi macho ya mwanamke yalivyokwenda mlangoni na kurudi, kuwa hatapata mengi.

"We ni polisi."

"Ni polisi. Nani alikuagiza uikate?"

Nsimire aliweka kigurudumu chini. "Mohamadi," alisema mwishowe. "Shofere. Alileta ya zamani, imechanika, nikakata kwa kipimo chake. Aliichukua mwenyewe. Basi. Sina neno lingine, papa."

Njiani kurudi kituoni Népomuscène alitembea haraka, na alisahau uzi wa kijani. Dereva ndiye aliyeagiza gasketi ya boksi. Dereva alijua, na siku tatu nzima hakusema. Kamishna akilisikia hilo, karatasi yake itapata ukurasa wa pili.

Mohamadi aliinuka alipofunguliwa mlango wa mahabusu. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shati moja tangu Jumanne. Inspekta hakukaa.

"Nsimire wa Jabe anakusalimia."

Uso wa Mohamadi ukafungwa kama duka. "Simujui."

"Yeye anakujua. Amesema ulimupelekea gasketi."

"Yeye hana kosa. Wallahi hana kosa, Inspekteri. Kama ni kuniandika, niandike mimi."

"Kwa nini hukusema siku ya kwanza?"

"Ningesema nini? Mungemwita hapa. Mutu akiitwa hapa, swali la kwanza ni karatasi. Yeye alivuka mupaka mwaka juzi, wakati wa vita ya Bukavu. Hana karatasi."

"Umempenda?"

"Ananishonea mashati," Mohamadi alisema, akitazama chini.

Népomuscène akakaa. "Anza mwanzo. Nani alisema gasketi ikatwe?"

"Akilimali. Ile ya zamani ilichanika, ya kiwanda haipatikani, akaniambia nitafute mutu anayejua kukata. Kule Uvira nilipata karatasi ya moteri, kipande kilichotumika, kijivu, kichafu kichafu lakini kizuri. Nikapeleka kwa Nsimire pamoja na ile iliyochanika. Yeye akikata, hata wembe haupiti. Alinipa imefungwa na uzi, nikamupa Akilimali vile vile, imefungwa."

"Rangi gani umesema?"

"Kijivu."

Népomuscène akafungua leso juu ya goti lake. Wote wawili wakaitazama gasketi. Ilikuwa nyeupe.

"Hii siijui," Mohamadi alisema polepole.

Inspekta alikuwa anaona uzi mwekundu ukizunguka gauni na karatasi yake, na yule mama akiondoka na vyote viwili. Akatazama saa. Saa saba na robo.

"Ile iliyochanika, Nsimire aliirudisha?"

"Apana. Ilivunjika mikononi, akaitupa kwa moto wa pasi."

Népomuscène akasimama na kumwita askari. "Mutafute Mzee Huseni, anisubiri garaji ya Musafiri. Mbio."

Gareji ya Bwana Musafiri ilikuwa ukingoni mwa Bwiza, uwanja wa udongo mweusi kwa mafuta. Akilimali, fundi mkubwa, alikuwa mtu mpana mwenye kalamu mbili mfukoni mwa ovaroli. Aliwakaribisha kwa adabu, lakini alimtazama Huseni kwa jicho la pembeni, kama mpishi anapotembelewa na mpishi.

"Nimeshaandika yote, shefu. Gasketi mupya."

"Nimesoma. Nimekuja kujifunza tu," Népomuscène alisema, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. "Siku ile Mohamadi alikuletea kifurushi. Ndani mulikuwa vitu vingapi?"

Akilimali akababaika kidogo, maana kifurushi na kiwanda havikai sentensi moja. "Viwili," alisema.

"Vipi na vipi?"

"Ile ya zamani, na ile mupya. Unapeleka ya zamani kwa kipimo, inarudi pamoja na mupya. Ni kawaida."

"Ya zamani ilikuwaje?"

"Kijivu, chafu. Walikuwa wameisafisha na kuinyoosha, lakini mi najua kitu cha zamani nikikiona. Mupya ilikuwa nyeupe, imenyooka, inang'aa. Kusema kweli, shefu, sijawahi kuona kazi safi namna ile. Ningeapa ni ya kiwanda."

"Nyeupe ukaifunga. Na kijivu?"

"Naitunza. Kesho ikiharibika tena, nitapata mufano wa kukatia." Akaenda ukutani kwa hatua za mtu mwenye utaratibu wake, akainua mkono, akaishusha gasketi ya kijivu kutoka kwenye msumari. "Hii hapa. Mi situpi kitu."

Huseni aliipokea. Aliikunja kati ya vidole, ikakubali bila kuvunjika. Akaikwaruza kwa ukucha, akainusa. Kisha akaligeukia dirisha na kuipitisha mwangani, tundu moja moja.

"Akilimali, ndugu yangu," alisema, kwa upole uliokuwa mzito kuliko tusi. "Tazama matundu ya nati. Iko wapi alama ya bulti? Iko wapi masizi? Hii haijawahi kufungwa hata siku moja."

Népomuscène akaweka ile nyeupe kando ya kijivu juu ya benchi, akatoa kioo. "Na hesabu vitundu vya pembeni. Vya zote mbili."

Akilimali akainama. Midomo yake ilitembea bila sauti, kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Akasogeza kioo kwenye ile nyingine. Alipofika kwenye pengo la pili hakuendelea.

"Aliyekata ni mushonaji," Népomuscène alisema. "Mushonaji hakati kitambaa kabla ya kukata mufano wa boksi. Anaupaka mushumaa, udumu. Na kazi ikiisha, anafunga mufano pamoja na nguo, mwenye nguo aende nao. Kwao ni heshima, hawana haja ya kueleza. Mohamadi hakufungua uzi. Na wewe ulipofungua, uliona kimoja cha zamani na kimoja kipya, ukafunga mufano na kutundika gasketi yenyewe."

Akilimali alikaa juu ya tairi.

"Wiki ya kwanza moteri ilikuwa inaimba," alisema. "Nilijisifu kwa patroni."

"Mushumaa ulikuwa haujaisha."

"Na nikaandika 'ya kiwanda'. Ni hilo tu, shefu. Patroni anapenda kusikia ya kiwanda. Nilivyosikia Mohamadi amegonga, nikajiuliza, lakini nikasema gasketi na breki zinajuana wapi." Akavua kofia. "Yule mzee, mulinzi. Atatembea?"

"Daktari anasema muguu mumoja ndiyo, wa pili bado hawajui. Utakwenda kumwambia mwenyewe?"

"Nitakwenda."

"Kwanza leta funguo zako za nati," Huseni alisema. "Mikono yangu miwili haitoshi, na saa inakimbia."

Saa nane na nusu walikuwa uani mwa kituo. Akilimali alikwangua mabaki ya boksi na nta kutoka kwenye chuma hadi kikang'aa kama kijiko, na kila alipodhani amemaliza Huseni alipitisha kidole na kusema bado. Mashimo waliyaziba kwa vitambaa, uchafu usianguke ndani. Gasketi ya kijivu ilikaa mahali pake bila kulazimishwa, kila tundu likiikuta bulti yake. Népomuscène aliinama hadi pua ikagusa mpira wa servo. Kweli hata wembe usingepita.

Bomba likarudi. Huseni alianza kukaza nati za katikati, akaenda nje, kulia, kushoto, kidogo kidogo, akarudi tena katikati.

"Kwa nini usikaze moja ikaisha?" Inspekta aliuliza.

"Utaibana upande mumoja, itainuka upande wa pili. Unaitandika kama shuka, toka katikati."

Robo saa kabla ya saa kumi Kamishna Sylvère aliteremka mwenyewe, karatasi mkononi. Népomuscène alikuwa tayari amemleta Mohamadi kutoka mahabusu.

"Panda," alimwambia. "Moteri imezima. Kanyaga mpaka iwe jiwe."

Mohamadi akakanyaga. Mara ya tano pedali ilipokataa, mabega yake yakapanda, na wote waliokuwa uani wakaona kuwa anamkumbuka yule mlinzi.

"Usitoe muguu. Mzee, washa."

Injini ikawaka. Haikutetemeka. Mohamadi alitazama chini kwa ghafla, kama mtu aliyeguswa.

"Inashuka," alisema. "Inspekteri, inashuka."

Kamishna akamteremsha, akapanda, akaamuru injini izimwe, akarudia yote mwenyewe, mara mbili. Aliposhuka alizitazama buji mbili nyeupe kwenye kitambaa, gasketi ya boksi, Akilimali aliyesimama amevua kofia, na maelezo mapya aliyoyatia sahihi fundi huyo kwa moja ya kalamu zake mbili. Nje ya geti honi ililia. Gari la mashitaka lilikuwa limefika.

"Aliyeifunga ni huyu," Kamishna alisema. "Na aliyeikata ni nani? Jina halimo humu."

Mohamadi alikuwa ameshika mlango wa lori. Hakuuachia.

"Nilichunguza gasketi mbovu ilifika vipi kwenye moteri, shefu," Népomuscène alisema. "Mushonaji alikata iliyo nzuri. Ni ile unayoisikiliza sasa. Hakuna kosa la kuandikiwa jina."

Kamishna akainama juu ya injini, sikio karibu na tawi la tatu, na akabaki hapo akingoja. Huseni akachovya brashi na kumkabidhi. Kamishna akapaka. Povu lilikaa juu ya chuma, likametameta, halikunywewa na mtu.

Honi ikalia mara ya pili. Kamishna aliikunja karatasi yake mara mbili, akaichana, akaituma getini kwa askari vile ilivyo, vipande vinne.

Mohamadi aliondoka kwa miguu, hakungoja kupewa mshipi wake wa suruali. Alipofika getini hakukata kulia kwenda Bwiza, kwao. Alikata kushoto, upande wa Jabe.

"Mwambie anitumie uzi wa kijani," Népomuscène alimwitia.